Kitabu Kipo, na Masahihisho Yake

Ipo nchi, na msiniulize iko wapi, maana waliouliza kabla yenu walipakiwa garini wakapelekwa kuonyeshwa, na mpaka leo hawajarudi kutusimulia. Sisi tuiite Jamhuri ya Mbelembele, tuendelee na yetu.

Mbelembele kila kitu hufuata cheo. Foleni ya mkate hupangwa kwa cheo, na msibani hulia kwanza mkubwa ndipo wadogo waruhusiwe kutoa chozi. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba katika Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Mbelembele vitabu navyo vilipangwa kwa cheo. Nasikia kwingineko vitabu vya wadudu hukaa pamoja na vya wadudu, na vya sheria pamoja na vya sheria, hovyo hovyo, bila kujali nani kaandika nini. Mbelembele waliliona hilo mapema kuwa ni utovu wa adabu. Kwao kitabu hukaa mahali panapomfaa aliyekiandika. Rafu ya juu kabisa, ile inayogusa dari, yenye vioo na kufuli, ni ya Mtukufu Rais na waliomtangulia. Chini yake wako mawaziri, kisha maprofesa, kisha madaktari, kisha wahandisi na mawakili, na kushuka hivyo hivyo mpaka sakafuni, ambako wamelala akina Bwana na Bibi fulani wasio na kitu mbele ya majina yao.

Aliyejua nini kiko wapi alikuwa mtu mmoja tu, Bi. Mwantumu Shebughe, mkutubi kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio na ulimi usiopenda kukaa bure. Kazi yake haikuwa lelemama. Kila jioni alikaa na redio kusikiliza taarifa ya habari, maana mwandishi akipandishwa cheo, kesho yake asubuhi kitabu chake lazima kipande ngazi. Na akitumbuliwa, kitabu kishuke kabla chai haijapoa. Siku ile Mtukufu alipobadilisha baraza zima la mawaziri, Bi. Mwantumu alipanda na kushuka ngazi mara sitini na moja, goti likavimba kama papai. Siku ya pili Mtukufu akabadili mawazo.

Ili asipotee yeye mwenyewe, alikuwa na daftari. Humo aliandika kila mada na mahali kitabu chake kilipo kweli. "Mihogo, magonjwa ya: rafu ya pili kutoka juu, kwa kuwa mwandishi ameoa kwa waziri." "Madaraja, ujenzi wa: sakafuni, nyuma ya mlango, mwandishi amevuliwa uhandisi baada ya lile daraja." Daftari hilo ndilo lililokuwa maktaba yenyewe. Kile kingine kilikuwa jengo.

Basi asubuhi moja aliingia Tusajigwe, binti anayesomea udaktari, mwaka wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Figo tena?"

"Figo tena, mama."

Binti huyu alikuwa anakitafuta kitabu cha figo tangu muhula uanze. Kila alipokuja, ama Bi. Mwantumu alikuwa kwenye kikao cha itifaki, ama mwandishi alikuwa amepanda tena. Alianza akiwa daktari, akawa profesa, na wiki ile alikuwa ameapishwa kuwa naibu waziri; kitabu kikapaa, na ngazi ya wanafunzi haikufika huko, kwa sababu nayo ilikuwa na vipandio vya cheo chao.

"Sasa mtihani umefanyaje?" Bi. Mwantumu akauliza.

"Nilikwenda kwa yule mzee wa supu pale getini, mama. Akanipasulia figo la mbuzi, akanieleza vizuri sana. Ila alisema kazi yake kubwa ni kuliwa na limau na pilipili."

"Nawe ukaandika hivyo?"

"Nikaandika. Mwalimu kanipa tisa kwa ishirini. Kasema huenda ni kweli, maana na yeye kitabu hajakiona."

Bi. Mwantumu alicheka mpaka penseli ikadondoka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alimtazama yule binti, akalitazama goti lake lililovimba, akajisemea, huyu ndiye atakayenipasua mimi uzeeni. Akaona aibu. Miaka ishirini na miwili amekaa juu ya hazina ya watu kama kuku juu ya mayai yasiyo yake. Siku hiyo hiyo aliapa kwamba daftari lile litakuwa kitabu, na kila mwanafunzi atakuwa na nakala yake mkononi.

Mungu naye si Athumani, au tuseme shetani hakuwa na shughuli nyingi wiki ile, maana siku tatu baadaye ukatoka Waraka Namba Tisa.

*

Waraka uliandikwa na Waziri wa Elimu, Vitabu na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Makoti Lubasha. Mheshimiwa alikuwa ng'ambo kwenye kongamano, na huko, wakati wa chai, akasikia kwamba wakutubi wa vyuo vikuu vya wenzetu huandika vitabu na kuvichapisha. Aibu ya taifa zima ikampanda mpaka masikioni. Akarudi na agizo: kila mkutubi wa Chuo Kikuu achapishe kitabu chenye jina lake kabla ya Sikukuu ya Ubora. Asiye na kitabu atahamishiwa Idara ya Mahema na Viti, akapange viti kwenye sherehe za serikali mpaka astaafu.

Wakutubi walihangaika kama kuku waliomwagiwa maji. Wa zamu ya mchana alichapisha vyeti vyake vyote, pamoja na cha ubatizo, akakiita kitabu hicho *Safari Yangu ya Elimu*. Wa chumba cha magazeti alichapisha kurasa mia mbili tupu chini ya kichwa *Kimya Maktabani*, na Kamati ya Uchapishaji ikamsifu kwa kazi isiyo na kosa hata moja.

Bi. Mwantumu alinakili daftari lake kwa mwandiko mzuri. Zikatoka kurasa arobaini na nane. Juu yake akaandika *Kitabu Kiko Wapi?* Akavaa kitenge chake cha heshima, akaenda mbele ya Kamati.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mkurugenzi wa Maktaba, Profesa Gwandumi, mtu mpole, mwenye kitambi cha wastani, aliyeiongoza maktaba miaka tisa bila kuingia ndani yake, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa na mlango wa nje.

"Bi. Mwantumu," akasema, akivua miwani, "hiki kichwa cha kitabu kina alama ya kuuliza."

"Ndiyo, Profesa."

"Nani anauliza?"

"Mwanafunzi, Profesa."

"Anamwuliza nani?"

"Maktaba."

"Na maktaba ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Kwa hiyo mwanafunzi anaiuliza serikali." Profesa aliwageukia wajumbe, nao wakatikisa vichwa kwa huzuni, kila mmoja kwa zamu yake. "Bi. Mwantumu, wewe ni mtu mzima. Unataka tufungwe? Tuseme *Kitabu Kipo*. Hapo serikali imejibu kabla haijaulizwa."

Bi. Mwantumu akakubali. Jina ni jina, akajisemea, muhimu yaliyomo.

Ikaja habari ya dibaji. Mbelembele kitabu hakitoki bila dibaji za wakubwa, kama bwana harusi asivyotoka bila wapambe. Na dibaji nazo zina sheria zake: ya mdogo haiwezi kuwa ndefu kuliko ya mkubwa. Profesa Gwandumi, kwa unyenyekevu, aliandika kurasa sita, akieleza alivyokiona kitabu kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, kwa mbali. Makamu Mkuu wa Chuo angefanyaje? Akaandika kumi na nne, na picha yake akifungua bomba la maji. Mwenyekiti wa Baraza la Chuo thelathini. Mkuu wa Mkoa hamsini, nusu yake zikiwa salamu. Katibu Mkuu wa Wizara themanini. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Lubasha, alijifungia siku nne akatoka na tisini na nane, na kila mstari ulimtaja yeye kwa jina kamili, pamoja na udaktari wake wa heshima, aliopewa na chuo hicho hicho siku alipokipelekea magodoro.

Kisha ikafika dibaji ya Mtukufu Rais. Ililetwa kwa pikipiki tatu na ving'ora, ndani ya bahasha yenye lakiri. Kamati ikasimama. Profesa akafungua kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na kikaratasi, na kwenye kikaratasi maneno manne: *Kitabu ni kizuri. Someni.*

Watu walipigwa na butwaa. Mkubwa amesema maneno manne, na chini yake mawaziri na makatibu wamekwisha bwabwaja mamia ya kurasa! Kamati ilikaa siku mbili mfululizo, ikala pilau mara tano, na mwisho ikapata hekima. Kila herufi ya Mtukufu ikapewa ukurasa wake peke yake, nukta nazo zikapewa za kwao, na baada ya kila moja zikawekwa kurasa nne tupu ili wananchi wapate kutafakari. Jumla kurasa mia na kumi. Waziri akashusha pumzi.

"Na kitabu chenye dibaji ya Mtukufu," Profesa akamkumbusha Bi. Mwantumu kwa furaha, "hukaa na Mtukufu. Kitabu chako kitakuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya kioo! Ufunguo uko Ikulu."

"Nakala zote, Profesa?"

"Zote elfu tatu. Tutaongeza vioo."

Bi. Mwantumu alitazama dari. Kitabu cha kumsaidia mtu kupata vitabu, na chenyewe kisipatikane! Lakini alikuwa bado hajasikia yote.

*

Mpigachapa wa Serikali alikuwa Fundi Binamungu, mzee mwembamba mwenye wino kwenye kucha tangu ujana wake. Yeye ndiye aliyeleta habari mbele ya Kamati, kofia mkononi.

"Waheshimiwa, mashine yangu ya kushonea vitabu mwisho wake kurasa mia nne. Nikizidisha, sindano inakatika, na sindano haiagizwi bila idhini ya Bunge."

Wakahesabu. Dibaji zote pamoja, kurasa mia tatu themanini na nane. Ukurasa wa jina, picha za wakubwa, na salamu za kuzindua salamu, kumi na mbili. Mia nne kamili, haina pungufu. Na zile arobaini na nane za Bi. Mwantumu bado ziko mezani, zimefungwa kwa kamba.

Profesa Gwandumi alizitazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimsingizie. Alikuwa na mke, watoto, na gari la serikali.

"Katika kitabu hiki," akasema taratibu, "ipo sehemu moja tu isiyo na cheo."

"Ipi hiyo?" akauliza mjumbe.

"Kitabu chenyewe."

Ikapita bila kupingwa. Bi. Mwantumu alizibeba kurasa zake mezani, akageuka kutoka. Profesa akamfuata mpaka mlangoni, akamshika bega.

"Usihuzunike, mama. Ajira yako imepona. Kitabu kinatoka, jina lako liko juu ya jalada. Unataka nini tena?"

"Yaliyomo, Profesa."

"Yaliyomo ndiyo yamewaponza wengi. Nenda kapumzike."

Akaenda, lakini hakupumzika. Wali ulipoa mbele yake. Ni kweli ajira ilikuwa imepona; angeweza kunyamaza, akala mshahara wake, akapanda na kushuka ngazi mpaka goti lifike mwisho wake. Wenzake wote walimpongeza. Lakini kila alipofumba macho alimwona Tusajigwe, amevaa koti jeupe, ameshika kisu mkono mmoja na limau mkono wa pili.

*

Juma lililofuata aliitwa kiwandani kusoma prufu, ile nakala ya majaribio, na kutia saini. Kiwanda cha Mpigachapa kilinuka wino na mafuta ya taa, na herufi za madini ya risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, kama walivyopanga mababu, kwa kuwa mashine mpya ilikuwa bado inasubiri dibaji yake.

Alisoma tangu asubuhi. Alikuwa na jicho ambalo kwa miaka ishirini na miwili halijapitwa na mkato. Alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ndani ya dibaji ya Waziri, penseli ikanyanyuka yenyewe.

"Fundi. Hapa mstari wa nne. 'Mheshimiwa Lubasha.' Udaktari wake uko wapi?"

Fundi Binamungu alisogea, akakuna kichwa. "Dada yangu, herufi kubwa ya D imeniishia. Huyu bwana kanimalizia sanduku zima. Nilikopa D za gazeti la serikali, nikakopa za kiwanda cha biskuti, na bado nikapungukiwa moja. Nikasema hapa pamejificha, hataona mtu. Ukitaka, nikaing'oe kwenye dibaji ya Katibu Mkuu."

Bi. Mwantumu aliizungusha penseli vidoleni.

"Fundi," akasema, "hivi kosa likionekana kitabu kikiwa kimeshachapwa, mnafanyaje?"

"Zamani tulikuwa tunachapa karatasi ya masahihisho, inachomekwa ndani ya kitabu. Haina haja ya kushonwa. Lakini miaka thelathini sasa sijachapa hata moja. Wakubwa hawakosei."

"Na hiyo karatasi ina sheria? Iwe na ukubwa gani? Ipitie Kamati gani?"

"Nani atunge sheria ya kitu kisichokuwepo?"

Bi. Mwantumu aliutazama tena ule mstari wa nne. Alijua vizuri kwamba saini yake ndiyo itakayotafutwa. Alijua na Idara ya Mahema na Viti iko wapi, na jua la huko linavyowaka. Kisha akairudisha penseli nyuma ya sikio, akachukua kalamu ya wino, akatia saini yake kamili chini ya prufu: hakuna kosa.

Fundi alimtazama, akaitazama saini. "Macho ya mtu huchoka, dada," akasema.

"Yamechoka sana, kaka yangu."

*

Sikukuu ya Ubora ikafika. Mahema yakasimamishwa, bendi ikapiga, na mshereheshaji akawatambua waheshimiwa wote mmoja baada ya mwingine kwa saa moja na nusu, halafu akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaanza upya kwa waliochelewa. Kitabu kikafunuliwa kutoka chini ya kitambaa cha dhahabu. Mheshimiwa Daktari Lubasha, mgeni rasmi, akasema hatahutubia. Atasoma tu dibaji yake, yote.

Watu walisinzia kwa cheo, wakubwa kwanza. Jua lilikuwa limeshapinda Waziri alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

"'Na ndipo Mheshimiwa Lubasha alipowaambia wananchi...'" Akanyamaza. Akarudia kwa sauti ya chini. Akainua uso. "Huyu Mheshimiwa Lubasha ni nani?"

Mshereheshaji akaipekua orodha yake ya waheshimiwa.

"Nauliza! Ni nani huyu anayetumia jina langu bila kuwa daktari?"

Mkuu wa Mkoa aliangalia chini ya kiti. Askari mmoja, mchapakazi sana, alitoa kijitabu akaandika jina la mtuhumiwa: Lubasha.

Kamati ikakutana papo hapo nyuma ya pazia, Waziri akihema kama mtu aliyeibiwa. Nani alisoma prufu? Bi. Mwantumu akajitokeza, akichechemea kwa lile goti bovu.

"Ni mimi, Mheshimiwa Daktari."

"Vitabu vichomwe!" Waziri akafoka.

"Vina maneno ya Mtukufu ndani, Mheshimiwa Daktari," akanong'ona Profesa, na Waziri akaangalia nyuma haraka kuona nani amemsikia.

"Basi vichapwe upya!"

"Herufi D zimekwisha, Mheshimiwa Daktari," akasema Fundi Binamungu. "Nchi nzima."

Hapo Bi. Mwantumu akakohoa kidogo. "Iko karatasi ya masahihisho, Mheshimiwa Daktari. Inachapwa pembeni. Inasema, ukurasa fulani, mstari fulani, badala ya hivi someni hivi. Mstari mmoja tu unatosha."

Aliyasema hayo kwa unyonge, macho chini, na mimi nawaambieni hakuna mvuvi aliyewahi kutia chambo kwa adabu kama ile.

"Mstari mmoja?" Waziri alitoa macho. "Mimi nivuliwe udaktari mbele ya taifa, nirudishiwe kwa mstari mmoja? Mimi ni mtu wa mstari mmoja?"

"La hasha, Mheshimiwa Daktari," wakasema wajumbe kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza bila zamu.

"Masahihisho yangu yasipungue kurasa arobaini!"

"Nitajikaza zifike arobaini na nane," akasema Bi. Mwantumu.

Likabaki swali la mahali pa kuyaweka. Profesa Gwandumi, ambaye siku hiyo akili yake ilikuwa moto, akasema kosa haliwezi kukaa nyuma ya kioo kimoja na Mtukufu. Masahihisho hayana cheo, yakae sakafuni, nje ya mlango wa maktaba. Na kwa kuwa Mheshimiwa Daktari hakosei, ni dhahiri waliokosea ni wasomaji. Wao ndio wasahihishwe. Kila mwanafunzi achukue nakala yake pale mlangoni, bure, akajirekebishe kwa wakati wake.

Wakapiga makofi. Hakuna aliyeomba kuyaona masahihisho kabla hayajachapwa, na Kamati ikaandika hivyo kwenye muhtasari: anayesoma masahihisho amekiri kwamba kulikuwa na kosa.

Adhabu ya Bi. Mwantumu ilitolewa kabla ya soda. Jina lake likwanguliwe kwenye jalada, nakala zote elfu tatu. Na kwa kuwa sasa hana kitabu chenye jina lake, Waraka Namba Tisa umkute: Idara ya Mahema na Viti, kuanzia Jumatatu. Aliipokea barua yake ya uhamisho kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, nisiwadanganye; maktaba ile aliipenda, hata ngazi zake.

*

Masahihisho yalitoka kiwandani baada ya siku tano. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, paliandikwa: "Ukurasa wa 212, mstari wa 4: badala ya *Mheshimiwa Lubasha*, someni *Mheshimiwa Daktari Lubasha*." D yenyewe Fundi Binamungu aliichonga kwa mkono kutoka kwenye kisigino cha kiatu chake. Chini yake ukafuata mstari mwingine: "Kwa masahihisho zaidi, kuhusu mahali vitabu vilipo, endeleeni." Wakaendelea.

"Figo," alisoma Tusajigwe, amechuchumaa pale mlangoni. "Rafu ya pili kutoka juu, upande wa dirisha, cha saba. Ngazi ya wanafunzi haifiki. Tumia ya mafundi umeme, iko nyuma ya pipa."

Akainuka akakimbia.

Juma lililofuata Maktaba Kuu ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya tangu ijengwe. Iliomba viti. Barua ilikwenda kwa haraka: watu wamekaa sakafuni, wamekaa madirishani, wamekaa kwenye vipandio vya ngazi, tunaomba viti mia mbili, na hema moja kwa waliokosa nafasi. Ikapokelewa Idara ya Mahema na Viti na ofisa mpya, mwanamke mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio.

Alivileta mwenyewe, juu ya lori, amekaa mbele na dereva. Tusajigwe alimkimbilia kabla hajakanyaga chini.

"Shikamoo, mama! Mama, wamekuhamisha kwa ajili yetu?"

"Marahaba, mwanangu. Wamenihamisha kwa ajili ya herufi moja. Figo je?"

"Nimemaliza sura zote. Yule mzee wa supu alikosea kitu kimoja tu."

"Limau?"

"Limau, mama."

Walikuwa bado wanacheka Profesa Gwandumi alipotokea. Kelele za kurasa zilikuwa zimemfikia ofisini, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliingia maktabani kwa mlango wa ndani. Akasimama. Mia tatu, mia nne, vichwa vimeinama, na wengine juu ya ngazi wakipokezana vitabu vya mawaziri mkono kwa mkono.

"Bi. Mwantumu," akanong'ona, rangi imemtoka, "hawa watu wanafanya nini?"

"Wanasoma, Profesa."

"Kwa amri ya nani?"

Bi. Mwantumu alikunjua kiti, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake, akamwekea.

"Ya Mtukufu, Profesa. Imo kwenye dibaji yake: *Someni.* Inaanzia ukurasa wa themanini na nane, inaishia wa mia na kumi na tatu."

Profesa alikitazama kiti. Akakaa. Baada ya muda, kwa kuwa alikuwa amekaa na hana la kufanya, akanyoosha mkono akachukua kitabu kilichokuwa karibu.

Hadithi yangu imefika. Uzuri wake wagawane wakubwa, kwa kufuata itifaki. Makosa yake nimeyachapa pembeni. Yako mlangoni, sakafuni, kila mtu achukue nakala yake.